Usingizi Hauitwi kwa Fimbo

(Mazungumzo na wazazi wa watoto wa chekechea, Temeke, Dar es Salaam)

Wazazi wenzangu, wakubwa shikamooni, na wengine habari za asubuhi. Najua Jumamosi ni siku ya kufua na ya biashara, kwa hiyo asanteni sana kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie usingizi wa watoto wetu. Mimi si daktari. Ni mwalimu wa chekechea na ni mama, na mengi nitakayosema nimeyaona kwenye mikeka ya darasani na kwenye kitanda cha nyumbani kwangu.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka 5. Mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Wa mwaka 1 hadi 2 ni saa 11 hadi 14. Sasa tutazame maisha yetu. Gari la shule linapiga honi saa kumi na moja na nusu alfajiri, mtoto kaamshwa saa kumi na moja. Ili apate saa 10 za usiku, ilibidi awe amelala saa moja jioni, na saa hiyo mama yake bado yuko Kariakoo anagombania daladala. Ndiyo maana hapa shuleni tunatandika mikeka kila mchana. Nawaomba sana, msituambie "mwalimu usimlaze, nimemleta asome". Usingizi ule wa mchana ni deni la alfajiri tunalomlipia.

Jambo la pili linatuponza wengi. Mtoto aliyechoka kupita kiasi hasinzii. Anaruka kitandani, anacheka ovyo, anamgombeza dada yake kwa ajili ya kifuniko cha chupa. Sisi tunasema, "Huyu bado ana nguvu, mwache acheze." Jamani, amechoka! Mwili ulitaka kulala nusu saa iliyopita, haukulazwa, sasa unajitahidi kukaa macho. Dalili za usingizi huja mapema na huja kimya: anapikicha macho, anavuta sikio, ananyamaza na kutazama sehemu moja. Hapo ndipo pa kumshika mkono.

Nini kinaleta usingizi? Giza, kwanza. Hapa kwetu jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja, mwaka mzima. Giza likiingia, ubongo unaanza kutoa melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umefika. Taa kali na televisheni vinaizuia, na macho ya mtoto mdogo yanapitisha mwanga mwingi kuliko ya mtu mzima. Najua wengi wetu tuna chumba kimoja, au chumba na sebule. Simwambii mtu ajenge chumba cha mtoto. Nasema tundika khanga mbili nzito kati ya kitanda na televisheni, punguza sauti, na simu isiingie ndani ya chandarua.

Halafu chai. Chai ya rangi na mkate usiku, tumelelewa nayo wote, lakini majani ya chai yana kafeini. Kwa mtu mzima, kama nusu yake bado inazunguka mwilini saa 5 baadaye. Usiku mpe uji au maziwa, chai isubiri asubuhi.

Kuoga kunasaidia, hata kwenye joto hili la Dar. Maji yawe ya uvuguvugu. Damu inakuja juu kwenye ngozi, joto la ndani linatoka, mwili unapoa, na mwili unaopoa ndio unaosinzia.

Lakini jambo lililonileta hapa hasa ni maneno tunayowaambia watoto wakigoma kulala.

Mwanangu wa kwanza, alipokuwa na miaka 4, nilikuwa namwambia, "Lala, paka shume anapita." Alikuwa analala. Anajifunika shuka mpaka kichwani, kimya, nami naenda kuosha vyombo nikiwa nimeridhika. Baada ya muda akaanza kukojoa kitandani, wakati alikwishaacha. Nikamgombeza. Kumbe alikuwa anaogopa kuvuka uwani kwenda chooni. Usiku mmoja nikafunua shuka nimgeuze, nikakuta shingo imelowa jasho, ngumi amezikunja, macho ameyafumba kwa nguvu, na hajalala kabisa. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, paka shume anaujua mlango wetu?"

Sijawahi kumtaja paka yule tena ndani ya nyumba yangu. Nawaomba nanyi muache zimwi, mgambo, daktari wa sindano na baba mwenye mkanda. Mtoto mwenye hofu anafumba macho, lakini mwili wake uko kwenye zamu, unalinda.

Badala yake tukaanza utaratibu mmoja, usiku kwa usiku: chakula, kuoga, mswaki, kukojoa, chandarua, hadithi. Hauchukui zaidi ya nusu saa, na nguvu yake ni kwamba haubadiliki. Chandarua tulikuwa tunakichomekea pamoja, mimi upande wa kichwani, yeye upande wa miguuni. Alikuwa anapitisha kiganja chini ya godoro polepole, anakagua kona zote mbili, kisha anasema, "Kwangu tayari." Ikawa nyumba yake ndogo, ameifunga mwenyewe.

Kisha hadithi. Paukwa! Mnaitikaje? Ndiyo, pakawa. Akitaka hadithi ile ile wiki tatu, mpe ile ile. Anaipenda kwa sababu anajua inakoishia. Ishushe sauti kila unapoukaribia mwisho. Mimi humalizia kwa kuhesabu waliolala: mangi wa dukani amefunga, amelala. Mbuzi wa jirani amelala. Bodaboda wa kijiweni ameegesha pikipiki, amelala. Mara nyingi sifiki kwa kuku.

Akiwa bado ana wasiwasi, mwambie ashike bakuli la uji wa moto, la kuwazia tu, aupulize taratibu usimwagike. Apulize mara 5, mara 6. Pumzi ndefu ya kutoa nje inatuliza moyo. Jaribuni hapo mlipo. Pulizeni uji. Mmeona mabega yanavyoshuka?

Machache kwa haraka. Msimlaze mtoto kwa dawa ya maji ya mafua. Inamsinzisha, ndiyo, lakini si dawa ya usingizi na inaweza kumdhuru. Akikurupuka saa za mwanzo za usiku akipiga kelele macho wazi na hakutambui, usikimbilie kusema amerogwa. Hutokea kwa watoto wengi, hupita baada ya dakika chache, na asubuhi hakumbuki. Usimtikise, kaa karibu asijiumize. Anayekoroma kila usiku au kukatika pumzi, na anayejikuna makalioni usiku kucha, mpelekeni hospitali: wa kwanza pengine ni nyama za puani, wa pili pengine ni minyoo.

Na akina baba mnaorudi saa tatu, saa nne. Najua mnawakumbuka watoto. Mnakuja na chipsi kwenye mfuko, mnamwamsha ale, anacheka, mnafurahi, halafu mama anakesha naye mpaka saa sita. Chipsi leteni Jumamosi mchana. Usiku ingia taratibu, umguse mguu kwa juu ya chandarua, umwambie baba amerudi. Asubuhi mama amweleze. Kuna mtoto darasani kwangu, baba yake anafanya hivyo. Juzi, kabla hata ya kuvua begi, alinijia mbio: "Mwalimu, jana baba alikuja, alinishika mguu, mimi nilikuwa nimelala."