Tipa, baiskeli na upande wa kushoto

Wahandisi wenzangu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie usalama wa waendesha baiskeli mjini, na najua wengi mnategemea nianze na kofia ngumu na reflekta. Huko sitafika. Nataka tuzungumze juu ya tipa linalotoka saiti, na juu ya mkataba uliolileta barabarani.

Mfano wangu ni London. Nimeuchagua kwa sababu wao, kama sisi, wanaendesha kushoto: dereva anakaa kulia, baiskeli inapita kushoto. Kona iliyo hatari kule ndiyo iliyo hatari hapa Dar es Salaam.

Tuiangalie kona yenyewe. Lori limesimama kwenye mataa, linataka kukata kushoto. Kwa kuwa ni refu, dereva analivuta kulia kidogo kwanza ili apate nafasi ya kugeuka. Kushoto panabaki uwazi. Mwenye baiskeli anauona, anadhani amepishwa, anaingia. Taa inawaka kijani. Kichwa cha lori kinageuka, lakini matairi ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Yanakata kona kwa ndani na kubana kuelekea ukingoni. Dereva naye yuko juu, na sehemu ya chini ya mlango wake wa kushoto ni bati tupu. Aliye chini ya dirisha lile haonekani. Tunapenda kusema dereva ni mzembe, na wazembe wapo, lakini hata makini hawezi kumkwepa asiyemwona.

Tipa limeinuliwa hivyo kwa ajili ya tope na mashimo ya saiti, ingawa sehemu kubwa ya safari yake ni juu ya lami.

Novemba 2013 waendesha baiskeli 6 walikufa London ndani ya wiki mbili, wengine kwa mabasi, wengine kwa malori. Mwaka 2016 ofisi ya meya ilitoa hesabu ya miaka ya 2014 na 2015: malori yalihusika katika asilimia 58 ya vifo vya waendesha baiskeli, ilhali ni asilimia 4 tu ya mwendo wote wa magari jijini.

Hapo sheria ikaanza kufuata lori lilivyoundwa. Tangu Septemba 2015, lori la zaidi ya tani 3.5 haliingii bila vizuizi vya ubavuni, vile vyuma vinavyozuia mtu asiingie chini ya matairi, pamoja na vioo vya kuonesha pembeni na mbele karibu. Kabla ya hapo matipa mengi na malori ya zege yalisamehewa vizuizi hivyo. Ajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Vioo peke yake havikutosha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds waliona kwamba dereva anayetegemea vioo huchelewa kuchukua hatua kwa takriban sekunde 0.7, akilinganishwa na anayemwona mtu moja kwa moja dirishani. Kwa mwendo wa kilomita 24 kwa saa, lori limeshakwenda karibu mita 5. Kwa hiyo tangu Machi 2021 lori la zaidi ya tani 12 linahitaji kibali, na kabini yake hupewa nyota 0 hadi 5 kwa kadiri dereva anavyoona kwa macho yake. Oktoba 2024 kiwango kilipandishwa hadi nyota 3. Lisilozifikia lifungwe kamera na vihisi vya kumtambua mtu. Asiye na kibali hupigwa faini ya paundi 550.

Ila kilichonivutia zaidi ni reli ya Crossrail, iliyochimbwa chini ya jiji hilo. Pale masharti ya malori yaliwekwa na mwenye mradi mwenyewe, ndani ya mkataba, na lori lisilotimiza lilirudishwa getini. Tena zaidi ya tani milioni 3 za udongo zilipelekwa kwa meli hadi kisiwa cha Wallasea. Lori ambalo halikuja mjini halimgongi mtu.

Sasa turudi nyumbani. Mwenye baiskeli wetu mara nyingi ni muuza madafu aliyejaza mzigo nyuma; huyo hawezi kuruka pembeni akisikia honi. Na dereva wa tipa analipwa kwa tripu, kwa hiyo kila dakika anayosubiri kwenye kona inatoka mfukoni mwake. Ukimpa semina ya usalama ukaacha malipo yalivyo, umempa chai na karatasi.

Mkandarasi atasema vizuizi na kamera ni gharama. Ni kweli. Basi viandikwe kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi na vifaa vya kupigiwa bei, tangu zabuni inapotangazwa, kila mwombaji avipigie bei, asiwepo anayeshinda kwa kuleta lori bovu. Na mlinzi wa geti apewe orodha ya kukagulia na mamlaka ya kusema rudi. Wenye swali la gharama, tuanze na ninyi.