Sarah Ratner na pengo katika duara la yurea

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie asidi amino, yaani matofali yanayojenga protini, nami nitawapitisha katika maisha ya mtu mmoja. Vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini, nilivyovikariri chuoni kama orodha ya majina nilivielewa siku nilipojua nani alivitafuta, na alikuwa akiuliza nini.

Sarah Ratner, mwanabiokemia, alizaliwa New York mwaka 1903. Alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1937, akaingia maabara ya Rudolf Schoenheimer, Myahudi aliyeihama Ujerumani baada ya Hitler kushika madaraka. Maabara ile ilikuwa na kitu adimu: naitrojeni nzito, yenye uzani wa 15 badala ya 14. Mwili hauitofautishi na ile ya kawaida, lakini mizani ya wanasayansi inaitambua. Ni kama mfugaji anavyomtia alama ng'ombe mmoja, kisha akafuatilia anakokwenda.

Enzi hizo wengi waliamini kwamba mwili wa mtu mzima ni nyumba iliyokwisha kujengwa, na protini tunayokula ni kuni tu: inaungua, masalia yanatoka kwenye mkojo. Schoenheimer, Ratner na David Rittenberg wakawalisha panya wakubwa leusini, mojawapo ya asidi amino, yenye alama hiyo. Kama imani ile ingekuwa kweli, alama karibu yote ingeonekana kwenye mkojo. Lakini zaidi ya nusu waliikuta imeingia ndani ya protini za mwili, ilhali panya wenyewe hawakuwa wakikua. Mwaka huo ulikuwa 1939. Kumbe nyumba hubomolewa na kujengwa upya kila siku! Tazameni mikono yenu: maharage ya jana yameshaanza kuingia humo. Jambo hili nimelifundisha miaka mingi na bado linanishangaza.

Schoenheimer alifariki mwaka 1941. Ratner akageukia swali lililokuwa limeachwa wazi, na hapa ndipo ninapompenda zaidi.

Asidi amino zikivunjwa, hutoa amonia, na amonia ni sumu kwa ubongo. Ini huigeuza kuwa yurea, taka isiyodhuru sana inayotoka kwenye mkojo. Hans Krebs na mwanafunzi wake Kurt Henseleit walionyesha mwaka 1932, huko Freiburg, kwamba kazi hiyo huenda kwa mzunguko wa asidi amino tatu: ornithini inakuwa sitrulini, sitrulini inakuwa arginini, arginini inatoa yurea na kurudi kuwa ornithini. Duara lilipendeza, likaingia vitabuni. Lakini sitrulini hugeukaje arginini? Naitrojeni moja zaidi inahitajika. Inatoka wapi?

Ratner alichukua ini, akalisaga, akatenga vimeng'enya vyake, akajaribu kimoja kimoja. Akaona kwamba naitrojeni ile huletwa na aspatati, asidi amino nyingine, tena kwa gharama ya nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Na katikati kuna kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona: sitrulini na aspatati zilizoshikana, akakiita asidi argininosaksini. Kimeng'enya kimoja hukiunganisha, kingine hukikata, ikabaki arginini upande mmoja na fumarati upande wa pili. Kazi hiyo aliichapisha kati ya mwaka 1949 na 1953. Mahali pa mshale mmoja vitabuni palikuwa na hatua mbili.

Mwaka 1958 madaktari wa Uingereza wakakuta kitu hicho hicho kwenye mkojo wa watoto waliochelewa kiakili. Kimeng'enya cha kukata kilikuwa na hitilafu. Ugonjwa huu ukija na nguvu zote, mtoto mchanga hakatai kunyonya siku ya kwanza. Siku ya pili au ya tatu ndipo anapolegea, anatapika, anapumua kwa kasi. Ni rahisi kudhani ana maambukizi ya damu, kumbe amonia inapanda. Nawasihi wauguzi mliopo hapa mlikumbuke hilo.

Ratner aliendelea na maabara hadi mwaka 1992, akikaribia miaka tisini.

Mtoto mwenye hitilafu hiyo hupunguziwa protini na kupewa arginini. Kwa nini arginini? Kwa sababu inamrudishia ornithini, duara linaanza kusogea, linafika pale pasipokatika, na asidi argininosaksini inatoka kwenye mkojo ikiwa imebeba naitrojeni mbili za taka. Kile alichokitenga Ratner kutoka ini lililosagwa ndicho kinachoutoa uchafu wa mtoto huyo.