Nani kakwambia nywele zako ngumu?

Asalam aleykum. Shikamooni mama zangu, na nyie wadogo zangu wa huko nyuma mambo, sogeeni basi, huu si mkutano wa kudaiwa marejesho (kicheko). Mwenyekiti kanipa robo saa kabla hamjaanza kuhesabu hisa zenu kwahiyo naenda mbio.

Nani hapa hajawahi kuambiwa ana nywele ngumu? Anyooshe mkono. Hakuna, si mnaona. Mi niliambiwa na bibi yangu mwenyewe, Mungu amrehemu, kanibana katikati ya magoti ananichana na kitana cha mti, mi nalia, yeye ananifinya, tulia wewe kichwa kama msasa.

Sasa hilo neno ngumu ndo limetuponza. Unywele wa singa umenyooka, mafuta ya kichwani yanateleza mpaka nchani. Wa kwetu kipilipili unatoka kwenye kitundu kilichopinda, unajikunja kama springi, mafuta yanaishia njiani huko, ncha inabaki kavu, na pale penye kona ndo pepesi kukatika. Yaani hizi tunazoziita ngumu ndo nyepesi kuumia kuliko zote, halafu tunazishika kama tunang'oa visiki vya mikorosho.

Nyie wa hapa Mikindani mnaijua kamba ya makumbi. Kuna mtu anaokota kumbi kavu juani akaanza kulisokota? Si linafukiwa pwani kwenye maji, linakaa miezi huko, ndo linatolewa linapondwa unapata usumba, unasokota kamba inayofunga ngalawa. Kumbi umelivumilia miezi yote hiyo, kichwa cha mtoto kinakushinda dakika kumi za maji? Lowesha kwanza, paka kandishena, gawa mafungu manne, tenganisha kwa vidole halafu ndo chanuo la meno mapana, na uanzie nchani unapanda juu, sio unachomeka kwenye ngozi ya kichwa unavuta chini mtoto anaona nyota.

Mafuta ya nazi yapo, tena ya kukamua wenyewe. Ila mafuta sio maji jamani. Nazi ina sifa yake, inaingia ndani ya unywele wenyewe haikai juu tu, ndo maana ukiipaka usiku wa kuamkia kuosha nywele hazinywi maji zikavimba kupita kiasi. Lakini kichwa kikavu ukakipaka mafuta, umeng'arisha ukavu.

(Mama mmoja anauliza: na dawa je, maana zikiwekwa dawa zinalala zenyewe.)

Hapo mama yangu umenigusa. Nilivyomaliza form four nilienda kuweka dawa, saluni siitaji, dada kaniacha kaenda kupokea simu, nasema inawasha ananiambia vumilia ndo inashika, nimetoka pale na vidonda nyuma ya masikio na wiki iliyofuata nywele zinabaki kwenye mto. Sasa nyie mnaotengeneza sabuni hapa, ile kostiki mnaivalia glavu si ndio? Someni kopo la rilaksa, yaani hiyo dawa ya nywele, zile za kostiki zimeandikwa sodium hydroxide, ndo hiyohiyo. Na zile zinazojisifia hazina kostiki nyingi zina chokaa ndani, zinaunguza kidogo kuliko hizo nyingine ila zinakausha. Kazi yao ni kuvunja vile vishikizo vya ndani vinavyoupa unywele mkunjo, na vikishavunjwa havirudi, unasubiri uote mpya. Pasi nayo ni ya muda tu, unyevu ukiingia nywele zinarudi kwao, piga pasi hapa uvuke na kivuko kwenda Msangamkuu uone, hujashuka zishajikunja.

Mi sigombani na mtu na kichwa chake lakini. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, wigi zikapigwa marufuku pamoja na vimini na krimu za kujichubua. Mi sijaja kukamata wigi la mtu, mwenyewe ninalo la harusi (kicheko).

Mwingine kaniandikia kikaratasi hapa, zangu hazikui. Zinakua dada. Unywele unaota kama sentimita moja kwa mwezi, ila wetu unajikunja unauficha urefu, uloweshe uuvute uone unafika wapi. Na zikikatika chini kwa kasi ileile zinayoota juu lazima useme hazikui. Lala na kitambaa cha satini, pamba ya foronya inanyonya unyevu na kukwaruza.

Na hizi rasta za kubana mpaka nyusi zinapanda, hapana kwa kweli. Kikiuma au vipele vikitoka pembeni ya paji fumua siku hiyohiyo, msuko uwe wa elfu kumi au wa bure, maana pale pembeni pakivutwa miaka na miaka nywele zinaacha kabisa kuota. Twende kilioni ya mkono inatosha, hata matuta, mradi mtu aweze kucheka bila kushika kichwa.

Haya maneno yameisha, mwenyekiti ananikazia macho. Nani ana mtoto hajafumuliwa? Wewe mwenye gauni la njano njoo mwanangu, usiogope, kaa hapa kwenye kigoda. Mtu aniletee maji kwenye kopo, na chanuo la mti rudisheni kwenye mkoba.