Gari Limenusa Sato

MABULA: Leo tulipanga mkao wa magurudumu ya gari, yaani kemba, kasta na tou, mwishoni pikipiki, ila kwanza niwaambie kilichonikuta Jumamosi maana aibu haijaisha.

NKWIMBA: Sema, mimi nimecheka tangu asubuhi.

MABULA: Nampeleka mama mkwe Lamadi, tunatoka hapa Mwanza. Tumepita Igoma, Kisesa, tunafika Nyanguge, nikilegeza mkono kidogo tu gari hilo linakwenda kushoto, nalirudisha, linakwenda tena. Mama katulia zake nyuma, mara nasikia, "Mkwe, hili gari lako limenusa sato."

NKWIMBA: (anacheka) Na kweli ukienda njia ya Musoma ziwa lenye hao samaki si liko kushoto!

MABULA: Sasa mkwe utambishia? Ndiyo mama. Mpaka Lamadi, ndiyo mama.

NKWIMBA: Kurudi je? Ziwa lilikuwa kulia.

MABULA: Kushoto vilevile.

NKWIMBA: Lilikuwa limeshashiba.

MABULA: Acha bwana. Nimelipeleka alaimenti, kupima mkao wa magurudumu, karatasi ya vipimo imetoka kijani tupu. Gari ni zima, tatizo barabara. Lami ina mgongo katikati ili maji yateremke pembeni, sisi tunapita kushoto, kwa hiyo uende urudi unateremkia kushoto.

NKWIMBA: Hata gari bovu litavuta kushoto kwenda na kurudi, hapo hujathibitisha kitu. Mgongo wa lami unavuta taratibu. Mkono ulikuuma?

MABULA: Uliuma.

NKWIMBA: Basi kasta. Ule mlalo wa mhimili wa stelingi ukilitazama tairi kwa ubavu, upande wenye kasta ndogo ndiko gari linakokimbilia. Au kemba, tairi lililoinamia nje kwa juu kuliko mwenzake linavutia kwake.

MABULA: Karatasi kijani, Nkwimba!

NKWIMBA: Kijani ni kwamba kila tairi liko ndani ya kipimo. La kushoto linaweza kuwa mwanzoni mwa kijani, la kulia mwishoni, na hiyo tofauti ndiyo inayovuta. Halafu fundi aligusa nini? Tairodi, ile fimbo ya stelingi inayogeuza tairi. Kwenye Toyota IST kama hilo lako, hapo mbele kinachogeuzwa kirahisi ni tou tu, yaani matairi kutazama ndani au nje ukiyaangalia kutoka juu.

MABULA: Kwani tou haivuti?

NKWIMBA: Tou inakula tairi na inakupindishia usukani, ila gari likishatembea magurudumu mawili yanagawana. We hamisha matairi ya mbele, la kushoto liende kulia, likianza kuvuta kulia basi ni tairi, wote tumechemka.

MABULA: Sihamishi kitu, ni barabara.

NKWIMBA: Ni kasta. Tafuta tambarare uliachie tuone.

MABULA: Mwanza hii? Ukishuka jabali unapanda mlima. Tambarare ni ziwani peke yake.

NKWIMBA: Na gari linalijua hilo!

MABULA: Ng'wanawane, umeanza tena.

NKWIMBA: Limenusa, Mabula, kubali tu.

MABULA: Muda umekwisha na watu wa bodaboda hatujawagusa. Haraka haraka, ukikaza cheni hesabu zile alama za nyuma, kushoto na kulia zilingane, la sivyo tairi la nyuma linakaa upande. Ule mlalo wa shokapu za mbele...

NKWIMBA: Ndiyo kasta ya pikipiki, ndiyo inayokunyooshea njia. Kama ungekuwa nayo.

MABULA: Kwenye gari langu siyo kasta! Tutamalizia wiki ijayo, maana Jumamosi mama anataka nimpeleke tena Lamadi.

NKWIMBA: Mwambie abebe ndoano.

MABULA: Nimwambie mimi? Mkwe yule?