Nyongeza ya Mshahara Imo Jikoni

Ndugu wenye migahawa, mameneja na wapishi, asanteni kwa kuja. Wengine mmeshanisikia nikilisema hili, na nitalisema mpaka lifanyike. Mwenye mgahawa akiniambia hana uwezo wa kuongeza mishahara, namuuliza swali moja: kila sahani inayotoka jikoni kwako inakugharimu kiasi gani? Wengi hunijibu kwa kukisia. Hapo subira huniishia, maana anayekisia gharama zake hajui kama uwezo anao au hana.

Tumchukue samaki. Umenunua samaki wazima kilo 10. Wakitolewa magamba, matumbo, vichwa na mifupa, minofu inayobaki mara nyingi haifiki kilo 5. Kwa hiyo kilo ya mnofu imekugharimu zaidi ya mara mbili ya bei iliyo kwenye risiti. Bado kuna watu wanapanga bei ya menyu kwa kuitazama risiti ile ile!

Sasa twende kwenye meza ya kupakulia. Kadi ya mapishi inasema gramu 180. Mpishi hana mizani, ana macho na mkono, oda zimerundikana mbele yake, anakata gramu 220. Si mwizi huyo, wala si mvivu, hajapewa kifaa. Gramu 40 za ziada kwa sahani 100 ni kilo 4 za minofu. Umegawa bure sahani 22, na mteja wala hakuona tofauti. Ili kupata minofu hiyo ulinunua zaidi ya kilo 8 za samaki mzima. Na hicho ni chakula kimoja tu kwenye menyu. Piga hesabu ya mwezi mzima, halafu uniambie fedha ya kuwaongeza wapishi ilikuwa wapi.

Mtu atasema, "Hizo ni gramu tu, mimi kinachoniua ni pango." Haya, tuhesabu. Katika kila 100 anazolipa mteja, malighafi na mishahara kwa kawaida huchukua kama 60. Toa pango, umeme, gesi na kodi, na migahawa mingi hubakiwa na 3 hadi 5. Ukiokoa 2 tu kwenye kupakua, faida imepanda kwa karibu nusu. Pango hutalipunguza kesho asubuhi, lakini mizani utainunua leo.

Na fedha hiyo isiishie mfukoni mwako. Hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu nimeona jiko likibana matumizi mwaka mzima na mpishi asione hata senti. Mwaka uliofuata hakuna aliyepima tena, na mimi siwalaumu. Kubalianeni mapema fungu lao ni kiasi gani, na hesabu ibandikwe ukutani wote waione. Mpishi mzoefu akiondoka, utamfundisha mwingine kwa wiki kadhaa huku akiunguza na kukosea oda. Rahisi ghali, ndugu zangu.

Sasa bakshishi, maana najua mnaningojea hapo. Marekani, sheria ya shirikisho inaruhusu mhudumu anayepokea bakshishi alipwe na mwajiri dola 2.13 kwa saa, bakshishi ijazie hadi kima cha chini. Kiwango hicho hakijaguswa tangu 1991. Mteja ndiye anayelipa mshahara, na mpishi aliye nyuma ya ukuta mara nyingi haambulii kitu. Mwaka 2015 Danny Meyer wa New York alianza kuiondoa bakshishi kwenye migahawa yake na kupandisha bei za menyu, hasa ili kupunguza pengo kati ya wahudumu na wapishi. Mwaka 2020 aliirudisha. Kila mara natupiwa mfano huo kana kwamba umemaliza mjadala. Haujamaliza! Jirani yake aliandika bei ndogo na kuacha bakshishi ije mwishoni, na mteja hulinganisha tarakimu anazoziona. Ufaransa huduma imo ndani ya bei ya menyu, na sheria inawabana wote sawa. Anayetaka kuondoa bakshishi peke yake mtaa mzima ana mlima wa kupanda. Kwa hiyo jambo hili vyama vya wenye migahawa walipeleke serikalini kwa pamoja. Uingereza, tangu Oktoba 2024, mwajiri haruhusiwi kukata chochote kwenye bakshishi za wafanyakazi isipokuwa kodi zinazotakiwa kisheria. Huo ni mwanzo mzuri.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kuzungumzia kupunguza menyu na ratiba za zamu. Tutayagusa kwenye maswali. Ila kuhusu programu za kuagiza chakula kwa simu, neno moja: kamisheni yake inaweza kufika 30 katika kila 100. Rudini kwenye zile 3 hadi 5 nilizotaja. Kama oda za simu hukuzipigia hesabu yake pekee, kila oda inayoingia huenda inakula mshahara wa aliyeipika. Mwenye swali anyooshe mkono, na wapishi waanze.