Shauku ya Kiongozi Huonekana Wakati wa Salfa

Mhadhara kwa viongozi wa vijana wa makanisa, Masasi, Mtwara

Bwana Yesu asifiwe! Wazee wangu na mama zangu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Nimeombwa kuzungumzia shauku katika uongozi wa Kikristo. Naomba nianzie shambani, maana sidhani kama humu ndani yupo ambaye kwao hakuna hata mkorosho mmoja.

Siku ya mnada kila mtu anaipenda korosho. Bei ikisomwa ikawa nzuri, hata aliyekuwa Dar es Salaam mwaka mzima anajiita mkulima. Lakini sisi tunamjua mkulima kwa kumwona mwezi wa saba, alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaanza kuvuma, amejifunga kitambaa puani, anapuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Korosho yenyewe bado haipo. Anayahangaikia maua, kwa sababu ugonjwa wa ubwiriunga ukishayashika, mwezi wa kumi hana cha kupeleka ghalani. Na hapulizi mara moja akamaliza. Baada ya wiki kadhaa anarudi kwenye mti uleule.

Shauku ninayoitaka kwenu ni hiyo. Tumezoea kusema fulani ana moto kwa sababu anapaza sauti mpaka spika zinakoroma. Paulo, akiwaandikia Warumi, anawataka wawe na juhudi katika roho, na papo hapo anataja bidii na kumtumikia Bwana. Nyuma kidogo ya hapo, katika sura ya 10, alikwisha kuwashuhudia ndugu zake kwamba wana juhudi kwa ajili ya Mungu, lakini si katika maarifa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwaka kweli, kwa ajili ya Mungu kweli, na bado akapotea njia.

Sasa twende kwa Nehemia, na hapa mnivumilie nikae kidogo. Wahubiri wengi hupenda zile siku 52 ambazo ukuta wa Yerusalemu ulikamilika. Mimi huvutwa na miezi ya kabla yake. Habari za kubomoka kwa Yerusalemu zilimfikia mwezi wa Kislevu wa kalenda ya Kiyahudi, naye akalia na kufunga. Mbele ya mfalme wa Uajemi, aliyekuwa akimtumikia, alikuja kusema mwezi wa Nisani. Hesabuni, ni kama miezi minne. Muda wote huo alikuwa akinywesha divai mezani kwa mfalme, mzigo ukiwa kifuani. Alipofika Yerusalemu hakuitisha mkutano. Aliondoka usiku na watu wachache, akazunguka kuyaangalia malango yaliyoteketea, mpaka mahali ambapo mnyama aliyempanda alikosa pa kupita. Hakuwa amemwambia mtu yeyote alichotiwa moyoni. Kisha, katika miaka 12 ya uliwali wake, yaani ugavana, hakula posho ya liwali, kwa kuwa watu walikuwa wameelemewa. Niambieni, ndugu zangu, katika vikao vyetu nani ameacha posho kwa sababu waumini wameelemewa?

Na hapa kwetu hatuhitaji kwenda mbali. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Waanglikana alitoka Zanzibar akapitia Lindi, akiongozana na watu waliokombolewa utumwani. Lengo la misheni lilikuwa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, wale watu wakataka kukaa hapa. Naye akakubali, kijiji kikaanza. Ninaliheshimu sana jambo hilo. Kiongozi mwenye shauku anaweza kuwaburuta watu hadi ziwani kwake, wakafika wamechoka na moyo umebaki njiani.

Yupo pia Cecil Majaliwa. Aliuzwa akiwa mtoto, akafika Zanzibar, akalelewa na misheni. Mwaka 1886 akapelekwa Chitangali, huku huku kwetu, kuwahudumia Wayao. Mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Mtoto aliyenyang'anywa kwao akarudi upande wa Ruvuma kuwatafuta watu. Nikimfikiria, naona kwamba kusudi la Mungu kwa mtu mara nyingi limelala karibu na jeraha lake. Usiharakishe kulificha lako.

Nami nina la kwangu. Nilikuwa mwenyekiti wa vijana kwenye usharika mmoja, sitautaja. Nilifunga, nilikesha, niliandaa matamasha. Mwaka ule bei ya korosho ikaanguka, nauli zikawa shida, nami nikaendelea kuwahimiza walioweza kufika. Kijana mmoja wa sauti ya tatu kwenye kwaya aliacha kuja. Nilikuja kugundua miezi mitano baadaye, mama yake aliponiuliza njiani kama mwanawe anaimba vizuri. Yeye alidhani yuko kwetu. Sisi tulidhani yuko kwao. Siku ile nilijua kwamba nilikuwa ninapenda kuongoza kuliko nilivyowapenda niliowaongoza, na nimemlilia Mungu kwa hilo mara nyingi. Kijana yule tulimpata, lakini hakurudi tena kwaya.

Wanafunzi walipomwona Yesu akiwatoa wafanyabiashara hekaluni, walikumbuka neno lililoandikwa: "Wivu wa nyumba yako utanila." Wivu huo ndiyo shauku yenyewe. Utanila mimi, anasema. Mara nyingi shauku yetu imewala wengine: mke anayelala peke yake kila mkesha, mweka hazina anayefokewa mbele ya watu, watoto ambao ada imeishia kwenye sare za kwaya. Kabla hujaambiwa una moto, muulize wa nyumbani kwako ni nani anayeungua.

Sina mengi zaidi. Kila mmoja wenu ana orodha ya kikundi chake. Leo mchana, kabla ya chakula, ichukueni mpige mstari chini ya jina la mtu ambaye hamjamwona tangu mnada wa mwisho. Jina moja tu. Jumamosi mwende kwake asubuhi na mapema, kabla hajatoka kwenda shamba. Msibebe bahasha ya mchango. Mkimkuta anapuliza salfa, msaidieni kubeba mfuko.

Kalamu ziko kwa katibu, pale mlangoni. Tusimame, tuombe.