Shashi Nyuma ya Ulimi

Wenzangu, habari za asubuhi. Leo nimekuja na utepe huu wa shashi tu, ule tunaouweka kooni mwa mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi kwa upasuaji. Tazameni urefu wake. Sasa naulowesha maji ya chumvi, naukamua, naufumbata. Umekwenda wapi? Na mgonjwa ndivyo unavyompotelea nyuma ya ulimi.

Tunauweka wa nini? Chukueni kijana wa bodaboda aliyevunjika taya. Kinywa kimejaa damu na vipande vya meno. Mrija wa hewa tuliomwingiza kooni una puto lake, na likijazwa sawasawa linakinga mapafu. Lakini damu hutuama juu ya puto, nyingine hushuka tumboni, na mgonjwa akizinduka anatapika. Basi tukasema, tuzibe koo kwa shashi. Hoja inaingia akilini, nami niliifuata miaka mingi bila kuuliza.

Waingereza waliuliza. Mwaka 2018 wataalamu wao wa usingizi, wa kinywa na taya, na wa masikio, pua na koo walipitia tafiti, wakashauri daktari wa usingizi asiweke shashi kwa mazoea tu, maana faida yake haikuthibitika. Koo kuuma baadaye, hilo linajulikana.

Na kuna kuisahau shashi ndani. Nikiwa bado najifunza, katika hospitali nisiyoitaja, tulitoa mrija, kifua kikawa kinavutwa ndani lakini hewa haipiti. Mwalimu wangu hakusema neno. Alishika laringoskopu, chombo cha kumulika koo, na koleo, akavuta, akavuta tena. Utepe ule nilidhani hauishi. Mgonjwa alipona. Angekuwa amefungwa taya kwa waya, tungeanza kwa kutafuta mkasi wa waya.

Kwa hiyo anayeweka aseme kwa nini, nesi aandike ubaoni na kuhesabu pamoja na shashi nyingine, na ncha ibaki nje ya mdomo. Kabla ya kukaza waya, itoke.

Naona mkono kule nyuma. Mpasuaji akiiweka mwenyewe kimyakimya? Swali zuri, maana hufanya hivyo! Muulize palepale, kwa sauti, hata akikukunjia uso. Mimi nambandika mgonjwa plasta kwenye paji la uso, nimeandika kwa kalamu nene: SHASHI KOONI. Plasta hiyo haibanduki mpaka shashi iwe ndani ya beseni, nami nimeiona.